Yai la Bata Libaki Nyumbani

Pita Uyole au Mbalizi kule Mbeya asubuhi, au ingia vichochoro vya Kihesa pale Iringa, hukosi kukutana na bata wakichokoa matope kwa midomo kando ya mfereji. Wengi ni wale wenye nyama nyekundu usoni, jamii iliyotoka Amerika ya Kusini, ambao hawapigi kelele. Wakikuona wanapuliza tu pumzi. Ukimuuliza mwenye nyumba mayai yao yanakwenda wapi, mara nyingi utaambiwa yanaachwa bata ayalalie. Ya kuku yanauzwa, ya bata yanalaliwa, na sahani za watoto zinabaki na ugali na mboga za majani.

Nataka kumshawishi kila mwenye bata uani abadili utaratibu huo. Yai la kuku lina mnunuzi katika kila duka, ndiyo maana ni rahisi kulitoa nyumbani likawa chumvi, sabuni au daftari. La bata mnunuzi wake unamtafuta. Basi hilo ndilo liliwe na wenye nyumba, na watoto wawe wa kwanza.

Nasema watoto kwa sababu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 uliikuta Iringa ikiongoza nchi nzima kwa udumavu: asilimia 56.9 ya watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Njombe ilifuata kwa asilimia 50.4, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Hii ndiyo mikoa inayovunia nchi mahindi na viazi. Tumbo linajaa. Kinachokosekana, pamoja na mambo mengine kama maradhi ya kuhara na mama kulemewa na kazi za shamba, ni nyama, maziwa, samaki na mayai kwenye sahani ya mtoto mdogo.

Sitaki kulipa yai sifa lisizostahili. Mwaka 2017 watafiti waliofanya kazi Ecuador walitoa matokeo ya kuwapa watoto wa miezi 6 hadi 9 yai moja la kuku kila siku kwa miezi sita, na udumavu ukapungua kwa karibu nusu. Jaribio la namna hiyo lililofanyika Malawi, wilayani Mangochi, matokeo yake yakatolewa mwaka 2019, halikuonyesha mabadiliko hayo. Watoto wa Mangochi wako kando ya ziwa na samaki walikuwa wakiwala tayari. Mimi nalichukua hivi: yai linamsaidia zaidi mtoto ambaye vyakula vya namna hiyo havimfikii. Mtoto wa Kilolo au Mufindi aliye mbali na ziwa ni huyo hasa.

Sasa tulitazame yai lenyewe. Yai la bata lina uzito wa gramu 70 hadi 80, na la bata weupe wa Pekini huweza kupita hapo. La kuku wa kienyeji mara nyingi ni gramu 40 na kitu. Kiini cha bata ni kikubwa ukilinganisha na ute wake, kina mafuta mengi zaidi, na vitamini B12 iliyomo katika yai moja inapita mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Ukimpa mtoto nusu ya yai la bata, umempa karibu sawa na yai zima la kuku wa kienyeji. Kwa mtu mzima mwenye maradhi ya moyo au kisukari ukubwa huo ni jambo la kuangalia, maana yai moja lina takriban miligramu 600 za kolesteroli, mara tatu ya yai la kuku. Huyo ale kwa nadra, na amuulize daktari wake.

Kazi ya jikoni inaanzia bandani. Kuku hupenda kutaga mahali palipoinuka na pakavu. Bata hutaga chini, mara nyingi kabla ya jua kuchomoza, na miguu yake inatoka moja kwa moja kwenye tope. Masika yetu ya kuanzia Novemba hadi Aprili yanafanya mambo kuwa mabaya zaidi. Usiwafungulie alfajiri. Waache ndani hadi saa tatu asubuhi, wakati wengi wameshataga, kisha ukusanye mayai kabla hawajayakanyaga. Tandika maranda makavu au makapi ya mpunga, na uongeze mapya kila yanapolowa. Wa Mafinga na Mufindi hawana shida ya maranda kwa sababu ya mbao za msitu wa Sao Hill, ila wawe macho: yasichukuliwe maranda yanayotoka kwenye nguzo za umeme zilizotiwa dawa. Dawa hiyo ni sumu kwa ndege na kwa anayekula yai lake. Wa Mbarali na Kyela wana makapi ya mpunga kila mashine inapokoboa.

Chombo cha maji kikae nje ya banda au mbali kabisa na viota. Bata hahitaji bwawa. Anahitaji maji ya kina cha kuzamisha kichwa na kusafisha pua zake, na dumu lililokatwa ubavu linatosha. Wakati wowote anapokula lazima awe na maji karibu. Ukiondoa maji usiku, ondoa na chakula.

Yai lenye uchafu mkavu kidogo lisuguliwe kwa kitambaa kikavu. Likiwa limechafuka sana, lioshwe kwa maji ya uvuguvugu yenye joto kuliko yai lenyewe, likaushwe, na liliwe kwanza. Maji baridi ya bomba la asubuhi ya Julai, yale yanayoumiza vidole, hayafai: yai likipoa ghafla, kilichomo ndani kinasinyaa na kuvuta uchafu kupitia vitundu vya ganda. Lenye ufa litupwe.

Hapa niseme wazi juu ya salmonela, vimelea vinavyoleta kuhara, homa na kutapika. Bata anaweza kuwa navyo bila kuonyesha dalili yoyote, na vinaweza kuingia ndani ya yai kabla ganda halijafungwa. Mwaka 2010 Uingereza na Ireland zilipata wagonjwa ambao ugonjwa wao ulifuatiliwa hadi kwenye mayai ya bata, na idara za afya huko zikawahimiza watu wayapike mpaka ute na kiini vigande. Kwa hiyo usafi wa ganda haukuruhusu kula yai la bata likiwa bichi au kiini kikichuruzika. Tabia ya kupasulia yai bichi kwenye soda, maziwa au supu ili kupata nguvu iachwe kabisa kwa mayai haya. Na yai la kutia kwenye uji wa mtoto lipigwe kwenye kikombe, limiminwe uji ukiwa bado unatokota jikoni, uendelee kukorogwa motoni dakika tano au zaidi. Ukilitia baada ya kuepua, halijaiva. Watoto wanaolamba mwiko wa mchanganyiko wa keki nao wazuiwe, hata kama watalia.

Kuchemsha ndiko wengi wanakokosea, na sababu yake ni milima yetu. Maji hayachemki kwa joto moja kila mahali. Kila unapopanda mita 300 hivi, joto la kuchemka linashuka kwa nyuzi moja. Dar es Salaam maji yanatokota kwenye nyuzi 100. Iringa mjini, iliyo juu ya mita 1,500, yanatokota kwenye nyuzi 95, na Mbeya mjini, yenye mita 1,700, kwenye nyuzi 94. Ukipanda hadi Kitulo, juu ya mita 2,600, unakuta nyuzi 91. Sufuria inatoa mapovu yale yale, lakini joto ni dogo. Ukiongeza kuni au mkaa, maji yatapungua haraka tu, yai haliivi upesi zaidi. Dawa yake ni muda. Yai la kuku linalowekwa dakika 10 pwani linahitaji 12 hivi huku kwetu. La bata, kwa ukubwa wake na ganda lake nene, lipewe dakika 15 kuanzia maji yanapoanza kutokota mayai yakiwa ndani. Yakiwa makubwa sana, au ukiwa Makete na Kitulo, fikisha 18. Usiyatie mayai yaliyolala kwenye baridi moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, yatapasuka. Anza nayo kwenye maji ya kawaida.

Yakiiva, yahamishe kwenye maji baridi. Yai lililotagwa jana linang'ang'ania ganda na ukilimenya linachunika vibaya, kwa hiyo ya kuchemsha yawe yamekaa wiki moja. Kwa kikaango yanafaa yaliyo mapya.

Kabla ya kupika lolote lijaribu ndani ya bakuli la maji. Linalolala chini ni jipya, linalosimama wima limekaa siku nyingi lakini laweza kufaa, linaloelea ni la kutupa. Kila yai lipasulie kwenye kikombe chake kabla ya kulichanganya na mengine, kwa sababu yai viza moja linaharibu yote. Kama kuna bata anayelalia, hatari inaongezeka: yanayokusudiwa kwake yatie alama ya penseli, na lolote lisilo na alama unalolikuta chini yake litoe siku hiyo hiyo. Ukiwa na shaka, limulike gizani kwa tochi ya simu. Ukiona mishipa myekundu, mrudishie bata anayelalia. Bata wetu hawa wa nyama usoni hulalia siku 35, kuku siku 21, na wale wa Pekini 28. Mayai kumi na mawili yanamtosha mmoja kuatamia. Hayo mengine yote ni ya jikoni. Ukimwachia mawili kiotani kila unapokusanya, ataendelea kutaga hapo badala ya kwenda kujificha vichakani.

Malalamiko makubwa ya walaji ni shombo. Sehemu yake inatokana na kiini chenye mafuta mengi, na sehemu inatokana na mlo wa bata mwenyewe. Ukimlisha dagaa kupita kiasi, yai litanuka samaki. Mchanganyiko wa pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa kidogo, pamoja na majani mabichi ya kutosha, unatoa yai zuri. Mahindi yetu ni meupe na hayatii kiini rangi. Rangi ile ya machungwa inatoka kwenye majani. Mahindi yaliyoota ukungu asipewe kabisa. Bata, hasa vifaranga, ni miongoni mwa ndege wanaodhurika upesi sana na sumukuvu. Sumu hii iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga yaliyoota ukungu, na vifaranga wa bata nao walikufa. Hapa Tanzania watu wenyewe walikufa kwa sumukuvu ya mahindi huko Dodoma na Manyara mwaka 2016. Na bata akiwa kwenye dawa, soma karatasi ya dawa uone ni siku ngapi mayai yasiliwe.

Shombo linalobaki linakatwa na viungo, na pishi ninalolipenda kuliko yote ni mchuzi. Kwa watu wanne chemsha mayai manne hadi yagande, uyamenye, kila moja ulichanje mara tatu kwa kisu. Kaanga vitunguu viwili hadi viwe vya kahawia, tia tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, kijiko kimoja cha chai cha bizari ya manjano, kisha nyanya nne zilizoiva. Ziache zipikike hadi mafuta yajitenge. Mtu wa pwani angetia tui hapa. Huku kwetu karanga safi zilizosagwa, vijiko vitatu vya chakula vilivyokorogwa katika kikombe cha maji, zinaleta uzito mzuri zaidi kwa maoni yangu. Mchuzi ukitulia, tumbukiza mayai, funika, acha dakika kumi kwa moto mdogo, kamulia ndimu ukishaepua. Wali wa Kyela au wa Usangu ndio unaostahili mchuzi huu, ingawa kwa ugali na kwa ndizi za Tukuyu pia unalika vizuri.

Kwa kukaanga, jambo ni moto. Ute wa bata una maji machache kuliko wa kuku, na moto mkali unaugeuza mpira. Punguza mkaa, piga mayai na kijiko kimoja cha maziwa kwa kila yai, tia kitunguu, hoho na pilipili manga, ufunike kikaango ili juu nako kuive bila kuunguza chini. Chipsi mayai za viazi vyetu mviringo zinapendeza sana kwa yai hili. Mawili ya bata yanachukua nafasi ya matatu ya kuku.

Waoka keki wanaolijua yai la bata huwa hawarudi nyuma. Mafuta ya kiini yanaifanya keki kuwa na unyevu kwa siku kadhaa. Usihesabu mayai, yapime. Weka mayai na maganda yake kwenye mizani, kisha tumia uzito huo huo wa unga, wa sukari na wa siagi. Mayai matatu yatakupa karibu gramu 220 za kila kimoja. Mapishi mengi yaliyoandikwa pwani au ughaibuni yanaporomoka huku juu, keki inapanda haraka halafu inabonyea katikati, kwa sababu hewa yetu ni nyepesi na gesi inatanuka zaidi. Palipoandikwa vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda tia kimoja na nusu, na uongeze maziwa vijiko viwili au vitatu vya chakula, kwani unyevu hukauka upesi. Ute wa bata unachelewa kutoa povu. Yaache mayai yapoteze ubaridi, tia matone ya limau, na uvumilie kuupiga. Mkate wa mayai wa iliki, ambao hauna siagi wala bekingi pauda na unategemea povu la mayai peke yake, unatoka vizuri sana hata kwenye sufuria ya mkaa juu na chini.

Mayai yakizidi, kuna njia ya Wachina ya kuyatia chumvi ambayo naona ingetufaa sana. Chemsha lita nne za maji na kilo moja ya chumvi, uyaache yapoe kabisa. Panga mayai safi yasiyo na ufa kwenye ndoo ya plastiki au chupa kubwa ya kioo, kamwe si sufuria ya alumini maana chumvi itaila, mimina maji hayo na ukandamize kwa sahani yasielee. Funika, weka mahali pa ubaridi. Baada ya wiki tatu toa moja ulichemshe ulionje. Kama bado, yape wiki nyingine. Kiini kinakuwa cha rangi ya machungwa, kigumu, kinachotoa mafuta. Yanachemshwa kama mengine, dakika 15 au zaidi, na robo ya yai pamoja na nyanya na kitunguu inatosha kulia ugali. Watoto wadogo na wenye shinikizo la damu hawapewi haya.

Yasiyotiwa chumvi yanakaa vizuri wiki mbili hadi tatu katika chumba chenye ubaridi, ncha nyembamba ikitazama chini, mbali na jiko. Yaliyooshwa hayafiki huko, yaliwe ndani ya siku chache.

Mtoto aanze akitimiza miezi sita, sambamba na maziwa ya mama. Ponda kijiko kidogo cha yai lililogandishwa, ute na kiini pamoja, ndani ya kiazi au parachichi, umtazame siku hiyo. Akitoka vipele, akivimba midomo au kutapika, acha na umpeleke kituo cha afya. Aliyekwisha kudhurika na yai la kuku asijaribiwe la bata nyumbani. Asipopata shida, ongeza hadi nusu yai. Mama mjamzito naye ale, likiwa limeiva sawasawa. Zile habari kwamba mtoto atazaliwa bila nywele hazina ukweli.

Anayepata mayai mengi kuliko nyumba yake inavyoweza kula awatafute waoka keki, awauzie kwa uzito. Ila kabla trei halijatoka mlangoni, toa humo ya wiki nzima ya mtoto wako, nusu yai kwa siku. Ni mayai manne tu.